Figa la Chuma

Sogeeni kidogo, akina mama, walioko mlangoni wapate pa kuketi. Na ninyi akina baba mliosimama huko nyuma kama mnangoja kuondoka, leo hamwondoki upesi. Nina mfano wa kuwapa, na mfano huu haujanipa raha tangu ulipoingia moyoni mwangu.

Kulikuwa na mkulima mmoja, na nchi yake ilikuwa na vita. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, ng'ambo ya mto mkubwa, wao walivisikia tu kama mtu anayetwanga katika kijiji cha pili. Lakini jeshi lilileta mabomu yake, likayahifadhi katika kinu cha kuchambulia pamba kilichofungwa zamani, kando ya mashamba yao. Basi mtendaji wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba. "Mwaka huu hakuna kuchoma shamba. Hata njiti moja. Mmesikia?" Wakasema wamesikia. Mkulima naye alisikia vizuri kabisa.

Ila ninyi mnamjua mkulima mvua ikikaribia. Wenzake wameshamaliza kusafisha, yeye magugu yako kiunoni na mgongo unamuuma. Akajiambia, nitachoma kipande kidogo tu, tena asubuhi, upepo haujaamka. Akawasha. Upepo ukaamka. Akaupiga moto kwa matawi mpaka mguu wake ukaungua, moto ukamshinda, ukaingia kwenye nyasi, ukaelekea kinuni. Akakimbia upande wa pili. Hakupiga hata yowe. Nawauliza, yowe ni kitu gani? Ni pumzi tu! Angepiga yowe moja, mgambo waliokuwa zamu pale kinuni wangemsikia wakakimbia.

Mlipuko ule haukusikika kwa masikio, ulisikika kwa tumbo. Mabati yaliruka kama majani makavu. Kuku walikutwa wamekufa bila jeraha. Na mgambo wote watano wakafa palepale, na mmoja wao alikuwa shemeji wa huyo mkulima, kitinda mimba wa mama mkwe wake.

Sasa sikilizeni jinsi neno linavyozaliwa. Siku ya tatu, pale kwenye kibaraza cha fundi cherehani, watu wamekusanyika. Fundi ana simu, ameinyanyua juu kila mtu aone picha ya mlipuko.

"Tazameni huu mstari mweupe angani," anasema. "Hii siyo kazi ya bomu la kawaida. Hii ni silaha ya siri. Wanairusha kutoka juu, huoni ndege, husikii kitu. Kinu kile kina kuta nene vile, kitapasukaje chenyewe?"

"Kweli kabisa," wakasema watu.

Akageuka. "Wewe shamba lako liko kule. Uliona nini?"

Watu wote wakamtazama mkulima, kisha wakautazama mguu wake uliofungwa kitambaa. Wanangu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake, mpana kama huu wa kanisa. Angeweza kusema.

"Mwanga," akasema.

"Wa rangi gani?"

"Wa buluu."

"Nilisema mimi!" fundi akapiga paja. "Si nilisema?"

Tangu siku hiyo wakamwita Shahidi. Kila penye watu watatu anavutiwa kigoda. Na uongo, kama mnavyojua, ni mtoto mlafi, ukiulisha leo kesho unataka tena. Leo mwanga ulikuwa wa buluu, kesho ulikuwa na mngurumo, kesho kutwa ukamchoma mguu. Mtu akamuuliza, "Mbona machuma mengi yametapakaa mashambani hayajapasuka?" Naye akajibu, "Ule mwanga uliunyonya moto wote. Hayo yaliyobaki ni maganda." Basi, likapita hilo, likawa neno la kijiji.

Wanajeshi wakaja na rangi nyekundu, wakapaka mawe, wakasema mtu asiguse chuma chochote. Unafikiri watu walifanya nini? Walikonyezana. "Wanaficha ushahidi hao," wakasema. Jeshi lilipoondoka, wakayaokota wakayaweka majumbani, ili siku moja dunia ione. Onyo la kuwaokoa ndilo lililowafanya wakumbatie kifo chao. Na mkulima alikuwa anaona. Alikuwa anaona kila siku, na kila siku alikuwa na safari ya kwenda mahali pengine.

Ikafika arobaini ya shemeji. Watu wamejaa kwa mama mkwe, maharage yako jikoni kwenye sufuria la shughuli, wanawake wamo ndani na watoto wamejazana mlangoni wakingoja kuonjeshwa. Mkulima amebeba kuni. Anapita nyuma ya jiko, anachungulia tu kwenye ufa wa ukuta. Sufuria limekaa juu ya mafiga mawili ya jiwe. La tatu ni chuma, kimesimama wima kichwa chini, kina utepe wa rangi ya kijani shingoni, na moto unakilamba pande zote.

Akaweka kuni chini. Akazunguka nyumba. Akazunguka tena. Nikisema ni bomu la kinuni, aliwaza, basi hapakuwa na mwanga. Na kama hapakuwa na mwanga, mguu wangu uliunguzwa na nini? Na aliyeuwasha moto ni nani? Na mama huyu, ambaye leo anamlilia mwanawe, atanifanya nini? Akaona mtoto wake mwenyewe anaingiza kichwa jikoni. Akarudi mbio.

Tena kuna jambo jingine. Kwa watu wale mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwa na neno, humpitishia mkewe. Basi akasimama nje, uso ameugeuzia ukuta, akamwita mkewe.

"Mwambie mama atoe moto. Sasa hivi!"

"Mama, mkweo anasema moto utolewe."

Wanawake wakaangua kicheko. "Njaa imempanda Shahidi kichwani! Mwambieni maharage hayaivi kwa kukodolewa macho."

Sauti ya mama mkwe ikaja polepole, imechoka. "Mwambie mkwe wangu avumilie kidogo. Wageni wote watakula."

"Mwambie hicho chuma ni kizima. Ni bomu!"

"Mama, anasema hicho chuma ni bomu."

Kisha mama mkwe akasema, "Muulize mkwe wangu, si yeye aliyesema ni ganda? Figa langu lilipasuka. Majirani wakataka kuniletea jiwe, nikawaambia la nini, chuma kipo, na mkwe wangu ameshasema hakina moto. Nimeteleka juu ya neno lake."

Mmesikia hapo? Hakuteleka juu ya neno la fundi, wala juu ya simu. Aliteleka juu ya neno la mkwe wake.

Mkulima akaingia. Akaingia jikoni kwa mama mkwe, mwanamume mzima, wanawake wakapiga kelele, mmoja akajifunika uso kwa kanga. Akamshika mama mkwe mkono. Akamshika! Akamtoa nje akimburuta, akawafukuza wengine kama mbuzi waliovamia mahindi. "Tokeni! Chukueni watoto! Korongoni, kimbieni!" Wakakimbia kwa sababu walidhani amepata wazimu, na mtu mwenye wazimu hukimbiwa kwanza, huulizwa baadaye.

Walipokuwa wanaporomoka korongoni, jiko likapasuka.

Vumbi lilipotulia, watu walikuwa wamelala chali, wameinua macho yote mbinguni. Fundi cherehani akanyoosha kidole juu. "Imerudi! Mmeiona? Imemfuata Shahidi mpaka hapa!"

"Imerudi," wakasema watu.

Ni mmoja tu ambaye hakutazama juu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye tope, kitambaa kimemtoka kichwani, anamtazama mkulima usoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu binti yake aolewe.

"Ulijuaje?" akamuuliza. Hakumpitishia mtu.

Mkulima akapiga magoti. "Mama, hakukuwa na mwanga. Nilichoma shamba. Moto ulinishinda, nikakimbia bila kupiga yowe."

"Msimsikilize," akasema fundi. "Ni mshtuko huo. Silaha ile huvuruga akili, nimesoma."

"Nyamaza wewe," akasema mama mkwe. "Mwanamume haingii jiko la mkwewe kwa ajili ya uongo." Akajifunga kitambaa chake taratibu. "Siku arobaini nimekuwa nikiulaani mwanga. Kila asubuhi natoka nje, natazama juu, nalaani. Mwanga hauna jina. Haukuzaliwa na mtu, hauwezi kuja kunipigia magoti. Nikawa kama mtu anayelilia kisima kisichojibu. Wewe sijui nitakufanya nini. Usiniulize leo. Lakini leo ndiyo nimemzika mwanangu."

Mfano unaishia hapo. Mnataka kujua kama alimsamehe? Hata mimi ningependa kujua.

Lakini tuseme juu yetu. Sisi hatuna kinu cha mabomu. Tuna nini? Ndoa ya mtu ikivunjika, tunasema amerogwa, na sisi ndio tuliopeleka umbea. Kikundi chetu kikisambaratika, tunasema kuna watu wa huko juu hawakitaki. Tunapenda adui wa mbali, wanangu. Adui wa mbali hadai toba kwetu. Unamtaja, unatikisa kichwa, unarudi kula. Na wakati sisi tunasimulia rangi ya mwanga, kuna mama mahali fulani ameteleka chakula cha watoto wake juu ya maneno yetu, kwa sababu anatupenda na anatuamini.

Msinielewe vibaya. Dunia ina wenye siri, na vita vina ukatili ambao mimi na ninyi hatutaambiwa. Bwana atawauliza wao la kwao. Mimi leo ananiuliza langu, nawe lako.

Najua mnangoja wimbo. Kwaya, ketini kwanza. Humu ndani kuna mtu ambaye jirani yake analia mwaka wa pili sasa bila kujua ni nani aliyemtendea, na mtu huyo anayejua ameketi kwenye benchi, ameinamisha kichwa, anajifanya anatafuta sadaka kwenye pindo la kanga. Mama, baba, inuka. Hatutakutazama. Nenda ukabishe hodi kwa jirani yako sasa, sisi tutakungoja, na hatutaimba mpaka urudi.