Jina Ndani ya Kizibo

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu zilikwisha kuwa na tochi, palikuwa na meza moja Lushoto. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha Fundi Singano, mtengeneza saa. Juu ya mlango ule kulikuwa na milima ya sponji, mto wa kioo, na majeshi. Majeshi gani? Mazimwi yenye urefu wa kidole gumba. Mbilikimo wenye mashoka. Mizuka, majoka, wachawi waliopanda fisi. Kila Jumamosi watu wazima, wenye kazi zao na ndevu zao, waliuzunguka mlango ule, wakarusha dadu, wakapigana vita visivyomwaga damu.

Meza ile ilikuwa na sheria zake. Sanamu isiyopakwa rangi haiingii vitani. Sanamu isiyopigwa vanishi haipokelewi, kwa sababu vidole vya watu vitakula rangi. Na kila sanamu isimame juu ya kizibo cha soda, na ndani ya kizibo, chini ya miguu yake, liandikwe jina la mwenye kazi. Jina moja. Kizibo ni kidogo.

Viti vilikuwa kumi na viwili. Mwaka huo kimoja kikabaki kitupu, mwenyewe amehamia Tanga. Fundi Singano akatangaza:

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi, anayetaka kiti alete sanamu moja. Nitakayoiona bora, jina lililo chini yake ndilo litakalokaa hapa."

Sasa, juu kidogo ya soko aliishi Mwantumu, mama wa mtoto wa miezi saba aitwaye Hoza. Mwantumu alikuwa mtu wa aibu. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, alimjibu mmoja. Tangu ajifungue, hakuna aliyemwita Mwantumu tena. Sokoni Mama Hoza, kliniki Mama Hoza, hata mumewe, Mama Hoza. Hakuchukia. Lakini Jumamosi moja alipita dirishani kwa Fundi Singano akasikia: "Shekifu, rusha! Singano, zamu yako!" Watu wenye wajukuu, wanaitwa kwa majina yao wenyewe. Akasimama pale hadi maziwa aliyotumwa yakaanza kuchacha. Tangu siku hiyo alikitaka kile kiti. Hakumwambia mtu.

Katika nyumba ile aliishi pia Kaniki, mdogo wa mumewe. Kaniki alikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo hakukuwa na biskuti hata moja. Kulikuwa na mikono, miguu, vichwa na mabawa. Sanamu zile hutoka nchi za nje ndani ya sanduku, zikiwa vipande vipande, zimeshikana kwenye fremu ya plastiki, unakata kwa koleo na kuunga kwa gundi. Kaniki hakuwahi kuwa na sanduku zima hata siku moja. Aliokota. Alibadilishana. Miguu ya mbuzi aliipata kwa mtu wa Mlalo kwa kumpa mashoka sita. Bawa moja lilitoka Soni, la pili lilikuja miaka miwili baadaye. Kichwa cha bibi kizee alikiokota chini ya meza ya Fundi Singano, mwenyewe amekitupa.

Miaka saba alikusanya. Mwezi ule akakaa kitako, akakwangua, akatoboa, akapitisha waya ndani ya goti, akaunga. Akasimama Bibi Mzuka, kiumbe ambaye hakuwahi kuwamo katika sanduku la mtu yeyote duniani. Mguu mmoja juu, bawa moja limekunjwa, shingo imegeuka kama aliyeitwa kwa nyuma.

Lakini mkono wa Kaniki ulikuwa unatetemeka. Kukata aliweza, kuunga aliweza, kupaka hakuweza. Akampelekea Mwantumu.

"Shemeji, chukua. Paka unavyotaka wewe."

"Nikiharibu je?"

"Mimi nikipaka ndiyo itaharibika kabisa."

Mwantumu akageuza kifuniko cha sufuria, akaweka sponji yenye maji na karatasi juu yake ili rangi isikauke. Akapunguza brashi kwa wembe hadi ikabaki na nywele tano. Mtoto akalala, naye akapaka. Mtoto akaamka, naye akaacha. Siku ya kwanza, weusi mtupu mwili mzima. Mtoto akalala, naye akapaka. Mtoto akaamka, naye akaacha. Akapaka ngozi, akapaka kwato, akapaka mishipa ya bawa. Mwishowe akafika kwenye shuka. Bibi Mzuka alijifunga shuka, na Mwantumu akaigeuza kuwa kanga nyekundu, yenye pindo na madoa, kila doa dogo kuliko mbegu ya mchicha. Mtoto akalala, madoa matatu. Mtoto akaamka, basi.

Kazi ya rangi ikaisha siku nne kabla ya Jumamosi. Ikabaki vanishi na jina. Vanishi ilikuwa ya kopo la kupuliza, na Kaniki aliwaonya wote:

"Vanishi haipulizwi siku ya ukungu. Inashika unyevu, inageuka maziwa."

Jumatano, ukungu. Alhamisi, ukungu. Ijumaa, ukungu hadi kuku wakagongana uani. Jumamosi asubuhi Hoza akaamka mwili wa moto. Mwantumu akamfunga mgongoni akakimbia kliniki. Kaniki alikuwa kazini shambani. Nyumbani akabaki Zaina, dada wa mumewe, na Bibi Mzuka dirishani.

Zaina hakuwa mtu wa sanamu. Aliziita "wadudu wenu". Lakini alimpenda wifi yake. Akatazama saa, imebaki saa moja tu sanamu zipokewe. Akatazama nje, ukungu. Akajiambia, isiyo na vanishi haipokelewi kabisa, na wifi yangu amelifanyia kazi jambo hili mwezi mzima. Akatoka barazani, akapuliza. Akageuka kuweka kopo chini. Alipoinua macho, Bibi Mzuka alikuwa amepauka kama mtu aliyemwagiwa unga. Madoa hayaonekani. Pindo halionekani.

"Mama yangu!" akasema Zaina. Akamfunga ndani ya leso akampeleka hivyo hivyo.

Mwantumu alipofika kwa Fundi Singano, mtoto amepewa dawa na kulala mgongoni, watu walikuwa wamejaa. Akamwona Bibi wake mezani, mweupe.

"Wifi, nisamehe," akanong'ona Zaina. "Ni mimi."

Mwantumu alitaka kumkasirikia, akatafuta hasira hakuipata, akatafuta machozi nayo hakuyapata.

Fundi Singano akaweka jichoni lenzi yake ya kutengenezea saa. Akapita sanamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika kwa Bibi Mzuka akasimama. Akamzunguka. Akarudi.

"Mizuka nimeona mingi," akasema. "Yote ni plastiki iliyopakwa rangi. Huyu anatoka kwenye ukungu kweli kweli. Tazameni huo wekundu, uko ndani kama kaa chini ya majivu. Na hiyo shingo! Mimi naogopa kumpa mgongo. Kiti ni cha huyu."

Akamgeuza kusoma jina. Kizibo kitupu. Mwantumu alikuwa amelihifadhi jina liwe la mwisho, baada ya vanishi.

"Kazi ya nani hii?"

Kaniki, aliyetoka shamba moja kwa moja na matope miguuni, akanyoosha mkono.

"Fundi, miaka saba nimesimama nje ya dirisha lako. Kichwa hicho ulikitupa wewe, nikakiokota mimi. Hiyo shingo unayoiogopa niliigeuza mimi. Niondoe mimi, kinabaki nini? Kizibo chenye rangi."

Zaina, aliyekuwa akiomba radhi sasa hivi, akasikia sifa za ukungu akasahau radhi.

"Ngoja kwanza, kaka. Kumbe huo ukungu ndio uliompa kiti? Aliyeuleta ni nani? Niondoe mimi, kinabaki nini? Sanamu nzuri, imekaa nyumbani dirishani, haina vanishi, haijapokelewa."

"Wewe uliharibu!"

"Niliharibu, ikashinda. Wewe uliyotengeneza bila kuharibu yameshinda lini?"

Shekifu, aliyemletea mwanawe joka kubwa lililokuwa karibu kushinda, akacheka hadi akashika meza. "Basi kiti kipewe ukungu wenyewe! Uingie ukae!"

Watu wakacheka. Fundi Singano akamgeukia Mwantumu.

"Na wewe, Mama Hoza?"

Mwantumu akatazama sakafu. "Niondoeni mimi," akasema polepole, "mtabaki na ukungu juu ya plastiki tupu."

"Sasa hivi tunaona nini kingine?" akasema Shekifu.

Hapo Fundi Singano akainua mkono. Akachovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya saa, akagusa upindo wa shuka ya Bibi Mzuka, tone moja tu. Ukungu ukafunguka mahali pale kama kijidirisha. Na ndani ya kijidirisha kile, pindo la kanga, na madoa, moja, mawili, matatu, mduara kamili kila moja. Kicheko kikakatika. Fundi akainua macho kwa Mwantumu.

"Jina lako nani, mama?"

"Mama Hoza," akasema Kaniki.

"Nimemuuliza yeye."

"Mwantumu."

"Nani?"

"Mwantumu," akarudia, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Mwantumu, sikiliza. Nikiendelea na mafuta, ukungu wote utaondoka, kila mtu ataona kazi yako. Itakuwa sanamu iliyopakwa vizuri sana, na joka la Shekifu litaishinda. Nikiuacha ukungu, hakuna cha kuishinda hapa, lakini madoa yako hayataonekana na mtu tena isipokuwa hayo matatu." Akaweka sindano mezani, tone likiwa bado linaning'inia kwenye ncha. "Kazi yangu ilikuwa kuchagua sanamu, nimechagua. Jina si kazi yangu. Nani kati yenu ana mwandiko wa kutosha ndani ya kizibo?"

Kaniki akatazama mkono wake unaotetemeka. Zaina akasema, "Mimi naandika makubwa." Wote wakamtazama aliyepaka madoa.

Basi Mwantumu akapewa kalamu.

Akakishika kizibo. Akamtazama Kaniki, miaka saba nje ya kioo. Akamtazama Zaina, vidole bado vinanuka vanishi, aliyemharibia na kumpa ushindi kwa mkono uleule, kwa kumpenda. Akakitazama kile kiti kitupu. Akawaza, nikiandika langu, ninakaa kwa sababu ya ukungu ulionifichia kazi yangu. Nikiandika la mwingine, nitapita dirishani hadi lini? Na nikichukua sindano, nitaonekana, halafu nitakwenda nyumbani bila kiti. Kila alipopata jibu, jibu la pili likalisukuma.

Mgongoni Hoza akaamka, akaanza kulia. Na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, mtoto ameamka na mama yake hakuweka chini alichoshika.

Ninyi mnaonisikiliza, kalamu ningewapa ninyi, lakini iko mkononi mwake, na wino unaanza kukauka. Je, aliyemkusanya kiungo kwa kiungo, aliyempaka doa kwa doa, au aliyemfunika kwa ukungu: jina la nani liandikwe chini ya miguu ya Bibi Mzuka?