Mikono Tisini na Saba

Watu wa Halmrast, kaskazini mwa Minnesota, hawaombi msaada. Hilo lijueni kwanza, maana bila hilo hamtayaamini yaliyotokea. Mtu wa Halmrast nyumba yake ikishika moto atasema kuna moshi kidogo. Akivunjika mguu atasema unamwasha. Lakini kuombewa ni jambo jingine. Kuombewa si kumsumbua jirani, ni kumsumbua Mungu, na Mungu haamki alfajiri kukamua ng'ombe.

Kwa miaka arobaini usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa na mnyororo wa maombi. Mwenye shida alimpigia simu Marlys Tollefson, Marlys akampigia wa pili, wa pili akampigia wa tatu, hivyo hivyo mpaka kwa Bi Ardis Kvam, aliyekuwa wa mwisho na mdaku nambari moja wa kijiji. Ulikuwa mnyororo wa polepole wenye maneno mengi. Mtu aliulizwa amekula nini, fundi wake ni nani, na mbona sauti yake inatetemeka. Marlys aliuchoka. Vuli iliyopita aliushawishi usharika uhamie kwenye simu za kisasa: mtu aandike ombi lake mara moja, wote walipate, na kila anayeomba abonyeze alama ya mikono iliyofumbatana.

"Na mimi sasa atanipigia nani?" Bi Ardis alilalamika, kwani hakuwa na simu ya aina hiyo.

"Aa, Bi Ardis, umbeya wako utautafutia soko jingine," Marlys alimjibu, watu wakaangua kicheko.

Ragna Brekke, mjane wa miaka sabini na tisa aliyeishi peke yake shambani, alinunuliwa simu mpya na usharika. Ragna ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Marlys, na nyumba zao zilitengana kwa maili nne tu. Marlys mwenyewe alimfundisha kuitumia simu hiyo, na ile ya zamani ya ukutani ikang'olewa.

"Ukipata shida andika tu, mama. Nitakuwa wa kwanza kuona," aliahidi.

Ikaja Januari na dhoruba yake. Jumanne, saa kumi jioni, Marlys alikuwa kwenye foleni dukani na kapu la viazi mkononi simu yake ilipolia. Ragna alikuwa ameandika: "Umeme umekatika huku kwangu na hita imezimika. Si jambo kubwa. Niombeeni."

Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Marlys alifumba macho palepale akaomba, na sitamsingizia, aliomba kwa dhati. Kisha akabonyeza mikono, wa kwanza katika usharika mzima, akalipia viazi vyake akaenda zake nyumbani. Moyo ulikuwa mweupe pe, kama mtu aliyekwisha kufika na kurudi. Kabla watu hawajalala mikono ilifika tisini na saba. Mmoja ni wangu mimi ninayewasimulia.

Kesho yake saa nne asubuhi, akina mama walikusanyika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kushona mablanketi ya viraka, kama kila Jumatano. Mablanketi hayo hupelekwa ng'ambo kwa wakimbizi wasio na kitu cha kujifunika. Mchungaji Lindgren alishuka kunywa kahawa, na Marlys akainua simu yake juu.

"Tisini na saba wamemwombea Ragna na hita yake, Mchungaji! Zamani tungefikisha watu ishirini kwa taabu!"

Wakapiga makofi. Bi Ardis alikuwa akihangaika kutunga uzi sindanoni. "Hita yenyewe ilikuwa na nini?" akauliza.

"Sijui."

"Fundi je? Yule mlevi wa barabara ya mashariki?"

"Bi Ardis, jamani, sijui!"

"Eti hajui. Haya, bibi wa watu amelala kwa nani?"

Marlys alifungua kinywa kumkemea, kisha akageuka kumtazama Mchungaji. Mchungaji alishusha kikombe chake taratibu.

"Si kwako, Marlys? Wewe ndiye jirani."

"Mimi nilidhani umemchukua wewe. Nyumba yako ina vyumba vitatu vitupu."

"Nilidhani ni Karin," akasema mmoja.

"Mimi? Nilijua mmeshakwenda! Mlikuwa wengi mno!" Karin alilia.

Marlys alipiga simu. Ya Ragna ilikuwa imezimika. Akapiga tena, ikawa vilevile.

"Yesu wangu! Hakuna aliyekwenda! Watu mia kasoro watatu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda!"

Mumewe, Duane, aliendesha pikapu yao yenye sepetu ya theluji mbele, akiifyeka njia ya Ragna ambayo haikuwa na alama hata ya mguu wa paka. Jikoni maji ya kikombe yalikuwa yameganda. Ragna alikuwa ameketi kitini karibu na dirisha, na koti lake, midomo ya buluu, hai kwa neema tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu. Glovu ilikuwa mapajani, kando ya simu.

Hospitalini walimkata vidole viwili. Tulisimama kwenye ukumbi wa kungojea hakuna anayemtazama mwenzake, na Mchungaji Lindgren akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia madhabahuni, "Mungu alipotaka kutuokoa hakututumia alama. Alikuja mwenyewe, akalazwa horini." Tuliona aibu.

Siku ya tatu Ragna aliweza kusema. Marlys alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kwa nini ulivua glovu?"

"Kile kioo cha simu hakiijui glovu, mwanangu. Na watu walikuwa wananiombea, kila mkono simu inalia. Nitakaaje kimya? Nikamwandikia kila mtu asante, kwa jina lake. Nilifika arobaini na mmoja, simu ikaisha chaji." Akakunja uso kwa wasiwasi. "Waliobaki uniombee radhi. Wasije wakaniona mjeuri."

Marlys alishindwa kujizuia, akalia kwa sauti. "Ungeandika tu njoo! Neno moja, mama! Ningekuja!"

"Nilitaka kuandika," Ragna alisema. "Kisha nikauona mkono wako, wa kwanza kabisa. Nikasema, aa, Marlys ameshajua, yuko njiani. Nikasogeza kiti dirishani, nikuone ukiingia."

Dirishani, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani mle, alikaa saa kumi na nane akingoja taa za gari la Marlys. Sala zetu tisini na saba zilikuwa za kweli, zote, na bibi aliganda nazo mkononi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.