Ngamia Aliyelipwa Kikapu Kimoja

Paukwa!
Pakawa!
Nyie mlioketi nyuma, sijawasikia. Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilipana nafaka kwa vikapu, Mzee Ngamia alizungusha kinu cha mafuta ya ufuta cha Nyati. Kwii-kwaa, kwii-kwaa, miaka ishirini. Kila jioni vikapu viwili. Yeye na mkewe walikula, wakasaza.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Ufuta ukanyauka wote. Nyati akafunga kinu.

"Si kosa lako, mzee wangu," alisema. "Cha kukamua hakuna."

Punda, kijana aliyebeba magunia pale kinuni, naye aliachishwa. Wakafuatana, tifu, tifu, mpaka kwa Kiboko, mwenye mashimo ya chumvi.

"Punda, kesho njoo. Vikapu viwili. Na wewe, mzee?"

"Nimezungusha kinu miaka ishirini."

"Hapa hakuna kinu."

Akaenda kwa Nyani mfinyanzi. Nyani akamtazama magoti, akacheka kidogo. "Nikimaliza kukufundisha, utakuwa umeshachoka."

Akatembea. Akarudi. Akatembea tena. Miezi mitatu! Nundu ikalala ubavuni. Mwisho akarudi kwa Kiboko, kichwa chini.

"Kikapu kimoja," alisema Kiboko.

"Mbona Punda anapata viwili?"

"Punda hakuja na njaa. Wataka, hutaki?"

Ngamia akataka. Afanyeje?

Nyumbani mkewe akagawa chakula, akamsogezea fungu kubwa. "Kula, mume wangu. Wewe ndiye unayebeba." Ngamia akalirudisha. Mkewe akalisogeza tena.

Mvua ikarudi, chwaaa! Lakini kinu cha Nyati hakikufunguliwa tena. Swala akatafuta wachukuzi wa mavuno yake.

"Punda, Kiboko anakulipa vikapu vingapi?"

"Viwili."

"Nitakupa vitatu. Na wewe, mzee?"

Ngamia hakuzoea kusema uongo. "Kimoja."

"Basi mimi nitakupa kimoja na kibaba juu."

"Mwanangu, mzigo si ni uleule?"

Swala akatazama pembeni. "Ndivyo ulivyokuwa ukilipwa, mzee."

Ngamia akapiga magoti, akapakiwa. Akabeba hivyo mpaka nguvu zikamwishia. Vikapu viwili hakuviona tena.

Wanangu, na nyie wakubwa, sikieni. Kijana akianguka hujikung'uta. Mzee akianguka huinuka, lakini kimo chake cha jana hakipati. Basi ukimlipa mzee, pima mzigo aliobeba, usipime njaa iliyomleta.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkaitafune taratibu.