Jino la Mpiga Tarumbeta

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kusemezana na fisi, ni zamani ya juzi tu, wengine wenu mlishaanza kuota ndevu, Wakristo kadhaa wa kwetu walivuka mto Songwe kwenda kutibu watu wa nchi ya jirani. Walikwenda kwa kujitolea. Hawakulipwa hata nauli. Walikwenda siku saba, wala si nane, kwa sababu ruhusa zao za kazini zilikuwa za siku saba. Walibeba dawa, walibeba koleo za kung'olea meno, walibeba na biskuti zao, maana jirani walimpenda lakini chungu chake walikuwa hawajakizoea.

Kati yao alikuwamo Daktari Elikunda, Mpare, fundi wa meno. Hodari kweli. Jino lililomshinda mtu miaka minne, yeye alilitoa kabla hujamaliza kusema aah. Kasoro yake, lugha ya kule haijui. Basi kanisa la kule likampa mkalimani, Tusekile, mwanamke wa kwetu aliyeolewa huko. Lugha zote mbili alizijua, kusoma alijua, na mdomo wake haukuwa na kutu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kule, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Mke akimwona mkwe njiani, anaingia shambani. Akisikia kikohozi chake, anajifunika kanga. Na jina lake halitaji, hata nyumba ikiungua. Msicheke. Ninyi mnaotazamana na wakwe zenu mchana kutwa, mmefaidika nini?

Baba mkwe wa Tusekile alikuwa Mzee Ambokile, mpiga tarumbeta wa kwanza katika bendi ya kanisa. Miaka thelathini na mmoja. Sikukuu haikuanza mpaka yeye apulize. Na bendi ilikuwa na sheria: mpigaji akishindwa kupuliza Jumapili tatu mfululizo, tarumbeta linakwenda kwa mwingine, wala halirudi. Mzee huyo mke alishamzika, ng'ombe wa maana hakuwa nao. Alikuwa na tarumbeta. Basi gego likaanza kumuuma, la nyuma, chini, upande wa kushoto.

Siku ya sita, Jumamosi, naye akaenda kupanga foleni. Muuguzi alimkagua kila aliyefika, akaandika kwenye kadi jina lake na jino linalomuuma. Kadi akampa Tusekile, akae mlangoni, aite.

Tusekile akaita. Akaita wa kwanza, akaingia, akatoka ameshika shavu. Akaita wa pili, akaingia, akatoka ameshika shavu. Ikaja kadi ya baba mkwe. Tusekile akaisoma, akaligeuzia benchi mgongo, akaipeleka chini ya zote. Akaita mwingine, akaita mwingine. Kadi ya baba mkwe ikapanda. Akaishusha. Ikapanda. Akaishusha. Jua nalo likashuka.

Mzee Ambokile yuko kwenye benchi, anawaona waliomkuta pale wakiingia na kutoka. Hakusema. Alijua kwa nini haitwi, na moyoni alifurahi: mkwe wangu ana adabu. Shavu ndilo halikufurahi.

Zikabaki kadi mbili. Ya baba mkwe, na ya mtu mmoja aitwaye Lugano, aliyekuwa na jino bovu la mbele, la juu. Tusekile akaita, "Lugano!" Kimya. "Lugano!" Kimya. "Wewe Lugano, umeogopa sindano?" Kimya. Lugano alikuwa amekwenda kumfukuza mbuzi wake aliyeingia bustani ya mchungaji. Tusekile akaiweka kadi ya Lugano mezani kwa daktari, akatoka kumtafuta.

Mzee Ambokile akaona mlango uko wazi na kiti ni kitupu. Akainuka, akaingia, akakaa.

Daktari alishang'oa meno arobaini na mawili tangu asubuhi. Akasoma kadi iliyoko mezani: la mbele, juu. Akachoma sindano ya ganzi. Tusekile akarudi, akaona kisogo cha baba mkwe kitini. Akageuka haraka, akajifunika, akasimama nyuma ya pazia.

"Tusekile," daktari akasema, "muulize mzee, ni hili la mbele?"

Nyuma ya pazia kimya. Daktari akaligusa jino kwa kidole.

"Ni hili, mzee wangu?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Jamani, mtu mwenye vidole viwili vya daktari mdomoni atakubali hata ukimwambia yeye ni paka.

Likatoka. Jino zima, jeupe, halina hata doa. Daktari akalitazama kwenye beseni. Mzee akapeleka ulimi mbele, akakuta uwazi. Gego nalo likaendelea kuuma kama kawaida yake.

Alipofika nyumbani akajaribu tarumbeta. Likatoa upepo mtupu, fiii, kama pampu ya baiskeli.

Kesho yake, baada ya ibada, wazee wa kanisa wakakaa. Msemaji wao alikuwa Mwinjilisti Gwamaka, naye alijua lugha zote mbili, ila jana yake alikuwa akitafsiri kwenye dirisha la dawa. Mzee na daktari wakakaa ndani. Tusekile hakuweza kuingia alimo baba mkwe, akasimama nje, akasemea dirishani.

"Tumeamua hivi," akasema Gwamaka. "Aliyekosa hatashiriki Meza ya Bwana mpaka tarumbeta la mzee lilie tena. Haya, semeni."

Daktari akasema, "Nilisoma kadi iliyowekwa mbele yangu. Nikauliza kwa mdomo, nikauliza kwa kidole, nikaitikiwa. Nimeacha watoto wangu, nimetumia likizo yangu, nimekuja bure. Kosa langu liko wapi?"

"Jino langu nalo limetoka bure," akasema mzee. "Mwambie, Gwamaka. Shavu lilikuwa limevimba huku chini. Hata mbuzi wa Lugano angeliona."

Tusekile akasema, "Mwinjilisti, mwambie baba wa mume wangu kwamba nilishika nilichofundishwa siku ya kwanza kuingia ukoo huu. Kosa langu liko wapi?"

Mzee alikuwa anasikia vizuri kabisa, lakini Gwamaka akamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Kisha akageukia dirisha.

"Kadi yake uliishusha mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nakungoja wewe uje umwite. Ulikuja? Chai ulikwenda kunywa mara tatu."

Watu wakacheka. Gwamaka hakucheka.

"Na nyuma ya pazia je? Ulisikia daktari anasema la mbele?"

Tusekile akasema, "Nilisikia. Uji wake napika mimi, watoto wanampelekea. Nilijua ni gego. Nilifungua mdomo niseme, na kabla sauti haijaja jino la mbele lilishatoka. Na ningemsemesha pale pale, mbele ya mgeni, leo mngenikalisha kwa hilo."

Wazee wakatazama sakafu, maana ilikuwa kweli.

Mzee Ambokile akasema, "Mimi jana nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Sikumsukuma mtu. Kiti kilikuwa kitupu, nikakaa. Lugha ya daktari siijui. Kosa langu liko wapi?"

"Mzee wangu," akasema daktari, "aliyeitwa ni Lugano, nawe ulisikia. Kwa nini hukumwambia mtu yeyote kwamba umerukwa?"

"Niseme nini? Nimshitaki mkwe wangu kwa kuwa ana adabu?"

Daktari akaona hakuna anayesogea. Akatoa kwenye mkoba kipande cha nta ya kupimia meno, akakilainisha kwenye maji ya moto.

"Nikuambie, mzee. Ing'ate nta hii mara moja tu. Nikifika kwangu nitakutengenezea jino la bandia, nilitume mpakani kabla ya Jumapili ya tatu. Utapuliza. Na hilo gego nikung'oe sasa hivi. Ni zawadi yangu kwako."

Mzee akasema, "Mtu hapewi zawadi ya kitu chake. Sema ni kosa lako, nitafungua mdomo. La zawadi silitaki."

"Nikisema ni langu peke yangu nitakuwa nimedanganya kanisani. Halafu kwetu watasema daktari mwenyewe amekiri, msimruhusu kwenda tena. Na wale wagonjwa mia na zaidi mliowaandikisha kwa mwakani, nani atawang'oa?"

Gwamaka akageukia dirisha. "Tusekile, ukikubali wewe, jino litakuwa fidia yako kwa mzee, si zawadi. Unasemaje?"

"Nikikubali, mmesema heshima yenu ni kosa. Basi kuanzia kesho nitamwita jina lake sokoni. Mnataka hivyo?"

Hakuna aliyetaka.

"Na wewe, mzee? Ukikubali ni lako, daktari atakupima kwa hiari yake, mambo yaishe."

"Yaishe kwa nani? Nimepoteza jino, nipoteze na Meza ya Bwana, halafu nimwambie asante?"

Nje dereva akapiga honi. Siku saba zimekwisha, gari limepakiwa, na mpakani hawangoji mtu. Daktari amesimama na nta mkononi, na nta inaanza kupoa. Mzee amefumba mdomo, shavu limemvimba. Dirishani inaonekana kanga tu. Gwamaka anawatazama wazee, wazee wanamtazama Gwamaka, na kila mmoja katika wale watatu angeweza kwa neno moja kulirudisha tarumbeta, na kila mmoja ana sababu ya kutolisema neno hilo.

Mimi yangu nimesema, koo limenikauka. Sasa nataka kujua kwenu, hasa wewe uliyekuwa ukicheka tangu mwanzo. Nta haijaganda bado. Je, kati ya daktari, mkwe na mzee mwenyewe, nani alistahili kusema, "Kosa ni langu"?