Kichwa cha Gia

Kulikuwa na bwana mmoja, mstaafu wa serikali, aliyekuwa na kigari cha Kiingereza cha zamani. Msifikirie haya magari makubwa ya waheshimiwa. Ni kile cha michezo, viti viwili, hakina paa, kimelala chini hivi kwamba ukikiendesha mnatazamana macho kwa macho na mbwa wa barabarani. Alikikuta kwenye ghala la shamba la mkonge, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva.

Na hakukinunua kwa sifa, tusimwonee. Enzi zile kigari kilikuwa cha mzungu mwenye shamba, na aliyekuwa akikiosha ni mama yake bwana huyu. Kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja. Anaosha nje, anafuta ndani, anafunga mlango. Kukigusa kote, ruhusa. Kuketi ndani, marufuku.

Basi bwana akajiapia: mama yangu ataketi humu, na nitampitisha mbele ya ile nyumba ya mzungu, aione akiwa juu ya kiti.

Mama alikuwa na miaka themanini na minne na macho yalikuwa yanafifia. Daktari alishasema hayarudi, yanazidi kwenda tu. Kwa hiyo bwana hakuwa anatengeneza gari peke yake, alikuwa anakimbizana na macho ya mama yake. Mbio hizo mngedhani mtu angezikimbia, sivyo?

Shida ni kwamba bwana huyu alikuwa na ugonjwa wa watu wa magari ya zamani. Unaitwa orijino. Taa lazima iwe orijino, skrubu iwe orijino, hata uzi wa kiti uwe ule ule wa kwenye kitabu cha gari. Alikuwa na fundi wake wa jua kali, mtu mwenye spana za inchi, maana vigari hivyo havifunguki kwa spana za siku hizi. Siku moja fundi akafuta mikono akasema, "Mzee, kimekubali. Injini safi, breki ziko. Mpeleke mama."

"Bado."

"Bado nini? Kama ni hiyo oili inayodondoka, hizi za Kiingereza zikiacha kuvuja ujue oili imekwisha."

Bwana akaonyesha chuma cha gia. Juu yake, pale unaposhika kwa kiganja, palikuwa na kichwa cha mbao, kimekuwa cheusi kwa jasho la mikono. Kwenye kitabu kilikuwa duara linalong'aa, limeandikwa namba za gia.

"Hii ni takataka ya jua kali," bwana akasema.

"Na mimi ni wa wapi?" fundi akauliza.

Bwana akakizungusha, kikatoka, akakirusha kwenye pipa la vyuma chakavu. Akaagiza orijino kutoka Uingereza.

Mwezi wa kwanza, kimya. Wa tatu, kikaja cha mwaka mwingine, hakiingii, kikarudishwa. Mama akipiga simu: "Wee, nipeleke hivyo hivyo. Nimeosha hicho kigari kikiwa na tope mpaka kwenye kioo, nitakionea haya leo?"

"Maitu, mama yangu, ngoja kidogo tu. Nataka ukione kikiwa kamili."

Ukione! Jamani, mnalisikia hilo neno? Anamwambia nani?

Mwezi wa nane kifurushi kikafika. Duara jeusi, namba nyeupe, very nice. Bwana akakifunga mwenyewe, akang'arisha kila kitu na kwenda kumchukua mama. Mama alitoka nyumbani ameshikwa mkono. Kufikia hapo alikuwa anatofautisha mlango na ukuta kwa mwanga tu. Bwana alikuwa amejipanga kumwonyesha rangi, ile kijani yenyewe, aliyoitafuta mwaka mzima. Akaiacha rangi. Alimsaidia kuketi, akafunga mlango taratibu, akazunguka upande wake, akawasha injini.

Mama akaegemea kiti. Halafu mikono yake ikaanza kutembea. Ikapita juu ya mlango, ikapita kwenye dashibodi, ikafika kwenye kioo, naye anatabasamu kama mtu anayesalimia watu wa kwao. Mwisho mkono ukashuka kwenye gia. Ukasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni kichwa cha gia, Maitu. Orijino. Kimetoka Uingereza."

"Kile cha baba yako umekipeleka wapi?"

Bwana akazima injini.

"Cha kwanza mzungu alikivunja," mama akasema. "Akamwita baba yako kutoka karakana ya useremala. Alikichonga saa ya chakula, mti wa mzeituni, na hapa pembeni akaacha kibonde cha kidole gumba. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Baba yako akapelekwa kwenye shamba la mbali, anarudi mwisho wa mwezi, na siku moja hakurudi. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nafuta kigari chote haraka, hapo nafuta polepole. Hata kuketi sikukutamani sana, mwanangu. Nilitaka kushika hapo."

Bwana huyu hakuwa na kitu hata kimoja cha baba yake. Wala picha. Na kimoja alichopewa, alikirusha kwa mkono wake mwenyewe ili apate nafasi ya kitu cha dukani.

Aliendesha hadi kwa fundi. Pipa lilishauzwa zamani, limekwenda na vyuma vyake. Akasimama pale kama mtu aliyefiwa upya. Fundi akamtazama, akamtazama mama kwenye kiti, akaingia ndani. Akatoka na bisibisi. Mpini wake ulikuwa wa mbao nyeusi, una kibonde pembeni.

"Kiliniingia vizuri mkononi," fundi akasema. "Kazi ya fundi nikiiona naijua, mzee. Hata ikiwa ni takataka."

Bwana akakipokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema, na siku hiyo neno hilo lilikuwa zito kuliko kigari. Kikarudishwa kwenye gia, orijino ikabaki kwa fundi. Wakapita mbele ya ile nyumba, mama ameshika gia, kidole gumba kwenye kibonde chake, anacheka peke yake.

Sasa, sisi tulio humu kanisani. Sisi tuliosoma, wenye digrii kwenye bahasha ya kaki na ile barua ya "we regret to inform you" tunayoijua kwa moyo. Siwaambii msikasirike. Nafasi zetu zililiwa, na waliozila Mungu anawaona, hata wale waheshimiwa wa viti vya mbele. Lakini nani kati yetu hajarusha kitu kwenye pipa? Uliambiwa fundisha watoto wa jirani, ukasema hiyo si career. Shangazi aliyekulaza sebuleni miaka miwili, ulipotoka ulimwambia nini? Mama aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili ufike graduation, tunamwambia angoje, tutamshukuru tukisimama vizuri, tukiwa orijino. Macho yake yanangoja?

Leo sitaki tuombe kitu. Tumeshaomba mwaka mzima, Mungu ana faili. Toa simu, hapo hapo ulipoketi. Mpigie mmoja umwambie asante, na umtajie ni ya nini. Nitangoja. Kwaya nayo itangoja.