Ufa Haupigi Saluti

Ufa haupigi saluti. Mmemsikia mkufunzi wenu akisema hivyo asubuhi alipokuwa akigawa kazi za siku ya dharura, mkacheka. Sasa mmenifuata hapa kwenye chumba cha funguo kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogezeni hizo ndoo mkalie. Methali hii hatukuirithi kwa mababu. Ilizaliwa hapa hapa chuoni, mbele ya mlango ambao ufunguo wake nilikuwa nimeushika mimi. Mwanzo wake ni huu.

Wakati huo chuo kilikuwa na mpango wa dharura uliochapwa vizuri na kubandikwa katika kila idara. Lakini waliouandika walikuwa wamegawa kazi kwa vyeo, kama watu wanavyopangiwa viti siku ya mahafali. Mkuu wa kukagua uharibifu alikuwa Profesa Mwaisumo, naibu mkuu wa chuo. Mtu mwema, bingwa wa historia, ila nguzo na boriti kwake vilikuwa kitu kimoja. Chini yake walifuata wakuu wa idara. Mwisho kabisa, mstari wa kumi na tisa, paliandikwa: Atuganile, chai ya kamati.

Atuganile alikuwa fundi sanifu wa majengo. Binti mpole, ukimsalimia, anakujibu huku akitazama viatu vyako. Lakini kila mwezi alizunguka majengo yote akiwa na gundi na vipande vyembamba vya kioo. Penye ufa alibandika kioo juu yake, ncha moja kila upande, akaandika tarehe kando yake. Siku moja nilimtania kwamba anaupamba ukuta.

"Plasta inaficha, baba," aliniambia. "Kioo hakijui kujikunja. Ufa ukisogea, kinakatika."

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, ardhi ilitetemeka. Vikombe vilianguka, mabati yakalia, tukakimbilia nje. Hakuna aliyeumia. Lakini saa nane mchana wanafunzi mia tatu na arobaini wa mwaka wa tatu walitakiwa kuingia Ukumbi Mkuu kufanya mtihani wa mwisho.

Kamati ilikutana. Mpango ulisema jengo halifungwi wala halifunguliwi bila sahihi ya mkuu wa ukaguzi. Profesa aliomba fomu, akaomba na ripoti ya mwaka uliotangulia, akaanza kunakili. Msishangae. Ndivyo tulivyozoea wote. Ukaguzi ulifanyikia mezani. Atuganile, aliyekuwa akimimina chai, aliona kalamu ikiandika: Ukumbi Mkuu, hali nzuri. Aliweka birika chini, akatoka bila kuaga.

Saa saba na nusu nilikwenda kufungua. Nilimkuta mlangoni na mkebe wa rangi nyekundu. Alikuwa amechora msalaba mkubwa juu ya mbao zote mbili za mlango, na rangi ilikuwa bado inachuruzika.

"We binti! Umeharibu mlango wa chuo!"

"Usifungue, baba."

"Nimeagizwa."

"Nimeingia kwa dirisha la pembeni. Ukuta wa nyuma una vioo saba. Vyote vimekatika."

Wanafunzi walikuwa wameshaanza kujaa.

"Dada, fungua bwana, tulichokariri kinavuja!" mmoja alipiga kelele.

"Mwacheni dada wa watu!" mwingine akamjibu. "Mimi wala sijasoma!"

Wakacheka. Profesa akafika na kamati yake nyuma, na kicheko kikakatika.

"Shikamoo, Profesa," Atuganile alisema.

"Marahaba. Ondoka hapo."

"Siondoki."

Alibaki amesimama mbele ya mlango na brashi yake mkononi, miguu haikusogea.

"Wewe kwenye mpango umepewa kazi gani?"

"Chai, Profesa."

Watu wa kamati walitabasamu.

"Basi rudi kwenye chai."

"Chai mmeshakunywa. Kati yenu, nani amekwenda kuutazama ukuta?"

Profesa alipandisha sauti. "Mimi ndiye mkuu wa ukaguzi! Naamuru mlango huu ufunguliwe!"

Hapo ndipo yule binti alipoinua uso, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake.

"Mimi utaniamuru, Profesa. Na mzee Ambilikile huyu mwenye ufunguo utamwamuru. Ufa haupigi saluti." Akamnyooshea brashi. "Kama ni salama, andika hapa mlangoni: nimekagua kwa macho yangu. Weka na jina. Kisha tuingie wewe na mimi, tukae safu ya nyuma mpaka mtihani uishe."

Profesa aliipokea brashi, lakini hakuandika. Alinigeukia.

"Ambilikile, fungua."

Wanangu, nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Ufunguo ulikuwa umeshaingia tunduni. Niliwatazama wale watoto wa watu, na kalamu zao na chupa zao za maji. Nikauchomoa, nikauweka kwenye kiganja chake.

"Fungua mwenyewe, Profesa."

Alisimama hivyo, brashi mkono huu, ufunguo mkono huu. Kisha akazunguka pembeni ya jengo, akapanda juu ya tofali na suti yake, akachungulia dirishani. Kwenye kona ya nyuma mwanga wa jua ulikuwa ukipenya mahali ambapo hapajawahi kuwa na dirisha.

Aliporudi alisema polepole, "Toeni viti. Mtihani utafanyikia uwanjani."

Mnasubiri niwaambie kwamba ukuta ulianguka saa ile ile? Haukuanguka. Wahandisi walikuja wiki iliyofuata, wakakataa hata kukanyaga ndani, na jengo likabomolewa. Hata hivyo Atuganile aliandikiwa karipio kwa kuharibu mlango na kuwadharau wakubwa. Alilijibu kwa mstari mmoja: "Nimepokea. Mlango mwingine ukiwa hivyo, nitaupaka."

Kwa hiyo nanyi, siku mtakapopewa fomu na mkubwa akawaambia muandike hali nzuri kwa ukuta ambao hamjauona, mpeni shikamoo yake kwanza, maana ni haki yake. Kisha wekeni kalamu chini, mumtazame usoni, mumwambie: ufa haupigi saluti.