Zimwi Lililoingia Hospitali ya Wakfu

Nina ngano, mwaitaka? Basi tegeni masikio, na anayesinzia apigwe kumbo!

Palikuwa na hospitali ya wakfu. Mgonjwa hutibiwa bure, wala haulizwi kwao. Mwanashaha na Somoe waliajiriwa humo kwa kazi moja tu: kupita karibu na vitanda wakinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Shoga, huyu leo ana nafuu!"

Siku moja likaingia zimwi, lile lisilokula ila aliyekata tamaa. Likamwinamia mzee mfinyanzi aliyegeukia ukuta, hataki tena chakula.

Mwanashaha akapita: "Rangi imemrudi!" Mzee akafumbua macho.

Somoe akapita: "Na nguvu zinamrudi!" Mzee akaomba uji.

Wakapita pamoja: "Kesho huyu yuko kwake!" Mzee akaketi, akaramba bakuli.

Zimwi likanguruma, "Basi nitakuleni nyinyi!"

Mwanashaha akamgeukia mwenzake: "Shoga, umeliona lilivyokonda? Maskini, halifiki Ijumaa."

Zimwi likajishika mashavu. "Nilazeni!" likalia.

Wakalilaza, maana wakfu haukatai mgonjwa. Limo humo hadi leo, na kila likitaka kuinuka, wale wawili hupita: "Leo afadhali, shoga, lakini bado. Bado kabisa!"

Ngano yangu nimeilaza hapo. Nyinyi amkeni wazima.